Kununua Spea za Gari: Namna ya Kuelewana na Muuzaji wa Kaunta

Maduka ya spea za gari hukaa kwa makundi. Dar es Salaam yako Kariakoo, hasa upande wa Gerezani. Nairobi yako Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Kampala yako Kisekka. Kokote yaliko, sura ni ileile: chumba chembamba, rafu zimepanda hadi darini, maboksi yameandikwa ubavuni kwa kalamu nene, na nyuma ya kaunta yupo mtu anayejua kila boksi limekaa wapi. Mtu huyo hana muda mwingi. Mafundi wamemzunguka, simu inaita, kijana wa stoo anauliza. Lakini anacho ambacho mwenye gari hana: spea ileile ameshaiuza mara nyingi, na anakumbuka ipi ilirudishwa na ipi haikurudi.

Ujuzi wake, hata hivyo, una mpaka. Spea anazijua, gari lililoharibika hajaliona. Atakachotoa rafuni kinategemea maelezo anayopewa, na hapo ndipo wateja wengi hupoteza pesa zao. Mtu hubishana nusu saa apunguziwe shilingi elfu tano, kisha huondoka na shokapu isiyofunga kwenye gari lake. Nauli ya kuirudisha, siku ya fundi iliyopotea na gari lililolala gerejini hugharimu kuliko punguzo lote alilolipigania.

Jambo la kwanza ni kulitambulisha gari. Jina la gari peke yake halitoshi, wala mwaka wake hautoshi. Mfano mzuri ni Toyota Premio ya kizazi kilichoanza mwaka 2001. Kwa macho ni gari moja, lakini lilitoka na injini tofauti: NZT240 ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ZZT240 ina 1ZZ-FE ya lita 1.8, na AZT240 ina 1AZ-FSE ya lita 2.0. Anayefika kaunta na kuomba plagi au pampu ya maji ya Premio hajasema kitu bado. Mazungumzo huenda hivi:

"Habari za kazi, kaka. Naomba pampu ya maji ya Premio."

"Nzuri, bosi. Premio ipi? Injini gani?"

"Hii ya kawaida, nyumodeli."

Hapo muuzaji hubaki kukisia. Atachukua ile inayouzwa sana, kwa kuwa ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi. Mwenzake aliyekuja na namba ya chasisi huhudumiwa kwa sentensi moja.

Kwa magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa huku, namba hiyo huwa na sehemu mbili zilizotenganishwa na kistari: kwanza herufi na tarakimu za modeli, kama NZT240, kisha namba ya gari lenyewe. Magari yaliyouzwa mapya na mawakala wa hapa, kama Hilux na Land Cruiser nyingi za mashirika na serikali, huwa na namba ndefu yenye herufi na tarakimu 17. Namba ya chasisi imo kwenye kadi ya gari, au logibuku kwa Wakenya. Toyota za Japani pia huwa na kibati kidogo ndani ya boneti, kwa kawaida kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, chenye modeli kamili, aina ya injini, rangi na giaboksi. Picha safi ya kibati hicho ikiwa kwenye simu huondoa maswali mengi ya kaunta. Mwenye gari mwenye busara huipiga leo, gari likiwa zima, badala ya kungoja siku limesimama Kibaha na fundi anapiga simu.

La pili ni spea iliyotoka. Hakuna maelezo yanayoshinda kuiweka spea kuukuu juu ya kaunta. Muuzaji ataigeuza, atapima kipenyo kwa jicho au kwa kaliba, atahesabu meno, atatazama soketi ya waya ina pini ngapi, kisha ataweka mpya pembeni yake. Ifutwe grisi na tope kwanza na ifungwe kwenye mfuko. Kuna watu husukuma pampu inayochuruzika oili juu ya daftari la mauzo, na huko ni kumkosea adabu mwenye kazi yake. Isipowezekana kuibeba, ipigwe picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, pamoja na rula. Tahadhari moja ni muhimu: spea iliyotolewa inaweza kuwa ilikosewa na aliyetangulia. Gari lililopita mikono mitano huenda limefungwa altaneta ya gari jingine, ikakatwa na kuchomelewa kishikio ili ikae. Ndiyo maana sampuli haifuti haja ya namba ya chasisi. Viwili hivyo vikipingana, muuzaji aambiwe wazi ili naye afikiri.

Pande za gari huleta makosa mengi kuliko inavyodhaniwa. Kulia na kushoto huhesabiwa kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele. Fundi aliyesimama mbele ya boneti akitazama gari humwambia mwenye gari "kushoto" akimaanisha mkono wake mwenyewe, na taa inayonunuliwa huwa ya upande wa pili. Njia salama ni kusema "upande wa dereva" au "upande wa abiria", na kutaja kama usukani uko kulia. Anayenunua Dar es Salaam kwa ajili ya gari lililoko Bujumbura, Kigali au Bukavu lazima alitaje hilo mapema, maana huko huendeshwa upande wa kulia wa barabara, na gari likiwa na usukani wa kushoto, taa za mbele, reki ya usukani na vifaa vya waipa havilingani na vya huku.

Wanaotaka uhakika zaidi huja na namba ya spea. Toyota hutumia namba yenye mafungu mawili ya tarakimu tano tano, na fungu la kwanza hutaja aina ya kifaa: 04465 ni pedi za breki za mbele, 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ni ya kushoto. Fungu la pili ndilo hutofautisha gari na gari, na hapo herufi zinaweza kuchanganyika na tarakimu. Namba hiyo hupatikana kwenye katalogi kwa kuingiza namba ya chasisi, na mara nyingi imechapwa kwenye spea yenyewe. Maduka mengi yana katalogi kwenye kompyuta au simu, ila muuzaji mwenye foleni hawezi kuifungua kwa kila mteja. Akipewa namba iliyoandikwa kwenye karatasi, huwa amepunguziwa kazi, na hulipa wema huo kwa kusema kama namba hiyo imeshabadilishwa na kiwanda au kama kuna ya kampuni nyingine inayolingana nayo.

Betri nazo zina lugha yake. Alama kama 46B24L husema mambo kadhaa kwa mkupuo: 24 ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ya mwisho huonyesha mpangilio wa vichwa vyake. Ikichukuliwa ya R badala ya L, waya hautafika, na wapo mafundi wanaouvuta kwa nguvu au kuunganisha kipande. Oili ya giaboksi ndiyo hatari zaidi. Kumwambia muuzaji "nipe ATF" haitoshi. Giaboksi za otomatiki za Toyota zimepitia T-IV na baadaye WS, na giaboksi za CVT zina oili yake ambayo si hiyo wala ile. Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na magari mengine huwa nayo kwenye kijiti cha kupimia oili. Bila uthibitisho huo, ni afadhali kuahirisha kuliko kumimina ya kubahatisha.

Kuna swali ambalo halifai kuulizwa kaunta: "Gari langu linatetemeka, ninunue nini?" Muuzaji mwaminifu atasema hajui. Asiye mwaminifu, au aliyechoka tu, atataja kitu alichonacho. Hata karatasi ya mashine ya kupimia haimpi jibu. Msimbo wa hitilafu P0171, kwa mfano, husema kwamba injini inapata hewa nyingi kulinganisha na mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Wateja wengi wakiuona msimbo huo hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ilhali sensa za umeme hazirudishwi, na gari huendelea kutetemeka vilevile. Kazi ya kutafuta ugonjwa ni ya fundi, nayo ilipwe kama kazi. Kwa muuzaji kuna maswali mengine yenye faida: spea hii hudumu kiasi gani kwa wanaoinunua, huwa inarudishwa, kuna kitu kingine kinachobadilishwa pamoja nayo? Muuzaji mzoefu atakumbusha kwamba shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, au kwamba pampu ya maji inakuja bila gasketi. Mambo hayo hayasemi mwenyewe kama hakuulizwa, kwa kuwa nyuma ya mteja huyu kuna wengine wanne.

Lugha ya kaunta inahitaji adabu ya kawaida. Salamu kwanza, mkubwa aamkiwe shikamoo, rika aitwe kaka au dada, na haja ifuate. Mafundi wa kila siku huhudumiwa haraka, na mgeni hana sababu ya kukasirika: fundi amefika na namba kichwani, anataka kitu kimoja na anaondoka. Mwenye shida inayohitaji katalogi na subira achague muda. Asubuhi mapema mafundi hujazana kuchukua vifaa vya kazi ya siku. Jumamosi ni fujo. Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya pwani hufungwa kwa swala. Saa nne hadi saa sita siku ya katikati ya wiki ndipo muuzaji huweza hata kutoka nje kulitazama gari. Namba yake ya simu ichukuliwe, na siku nyingine picha itangulie kabla ya safari. Mteja aliyejulikana kwa jina, anayelipa bila usumbufu na asiyesingizia, huambiwa ukweli ambao mpita njia haambiwi: "Hii usichukue, ngoja mzigo wa wiki ijayo."

Bei haieleweki bila kujua madaraja. Juu kabisa ipo spea ya boksi la mtengenezaji wa gari. Chini yake zipo za kampuni zenye jina katika kifaa fulani: KYB kwa shokapu, 555 kwa boljointi na tairodi, NGK na Denso kwa plagi, Koyo, NSK na NTN kwa beringi. Kisha zipo za bei nafuu zisizo na jina kubwa, ambazo baadhi ni nzuri na nyingine hazimalizi msimu wa mvua. Pembeni ya zote upo mtumba kutoka Japani. Kuuliza "hii ni orijino?" huleta jibu moja tu, ndiyo. Swali linalofungua mlango ni: "Zipo aina ngapi, na kila moja bei gani?" Muuzaji akishazipanga tatu juu ya kaunta, tofauti huonekana kwa macho na kwa uzito, naye hulazimika kueleza kwa nini moja ni mara mbili ya nyingine. Majina yanayoaminika ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa hiyo boksi zuri si ushahidi. Jina kubwa kwa bei ya chini mno ni sababu tosha ya kwenda duka la pili.

Mtumba unafaa kwa vitu vingi: taa, vioo, milango, altaneta, stata, giaboksi, injini nzima. Haufai kwa kitu chochote kinacholiwa kwa msuguano au kilichotengenezwa kwa mpira na kinachobeba uhai wa watu. Pedi za breki, mipira ya breki, boljointi na bushi zinunuliwe mpya. Katika breki na usukani ni bora mtu apunguze bajeti ya redio, rimu na mapambo yote kuliko kushuka daraja moja.

Karibu na maduka ya Kariakoo huwepo mawinga. Winga hana duka. Humsikia mteja akiuliza, humwambia "ipo, njoo", humpeleka au humwacha asubiri, na sehemu yake huingizwa kwenye bei. Si mwizi kwa sababu hiyo tu, na kwa spea adimu huokoa mzunguko wa siku nzima. Kinachotakiwa ni pesa zisitoke kabla spea haijaonekana, na duka ilikotoka lijulikane. Hata muuzaji wa kaunta hufanya hivyo: akikosa kitu, humtuma kijana kwa jirani. Iulizwe kwa upole, "Hii ni ya hapa au imetoka kwa jirani?" Ya jirani ikikataa kufunga, kuirudisha ni safari ya watu watatu.

Suala gumu kuliko yote ni fundi. Mwenye gari akimtuma fundi peke yake, bei anayoambiwa na bei ya dukani mara nyingi hutofautiana, na tofauti hiyo huitwa cha juu. Muuzaji anakijua. Lakini fundi humletea biashara kila siku, na mwenye gari huja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kumuuliza mbele ya fundi "huwa unamuuzia bei gani?" ni kumweka pabaya na kupata uongo. Zipo njia za heshima. Mwenye gari anaweza kupiga simu dukani mwenyewe, akataja namba ya spea na kuuliza bei, kisha akalipa moja kwa moja kwa Lipa Namba au till ya duka, na fundi akaenda kuchukua tu. Wakati huohuo fundi alipwe waziwazi nauli na muda wa kufuata spea. Mafundi wengi hutafuta cha juu kwa sababu ufundi wao hulipwa kidogo mno, na mteja anayebana ufundi hadi mwisho asishangae unapojilipa upande wa pili.

Kabla ya kulipa, boksi lifunguliwe hapohapo kaunta. Namba ya kwenye boksi ilinganishwe na ya kwenye kifaa. Beringi izungushwe kwa kidole, ikikwaruza, iachwe. Uzi wa nati ujaribiwe kwa nati ya zamani. Filta ya oili ilinganishwe mdomo na mpira wake na iliyotoka. Pedi zipangwe juu ya zile kuukuu, tundu kwa tundu. Muuzaji mzuri hachukii ukaguzi huu, kwa kuwa humwokoa na marejesho. Anayenyakua boksi na kusema "chukua tu, itaingia" ameshajibu swali la iwapo atapokea spea ikirudi.

Kwenye kuta nyingi kuna tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa vitendo, maduka mengi hubadilisha spea iliyokosewa ikiwa haijafungwa, haina oili wala alama ya spana, na boksi ni zima. Masharti yaulizwe kabla ya kulipa, na yaandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya spea na aina ya gari: "itabadilishwa ndani ya siku tatu ikikataa." Kwa injini na giaboksi za mtumba, siku za kujaribu zitajwe kwa idadi. Risiti yenyewe iwe ya mashine. Tanzania ilianza kutumia mashine za EFD mwaka 2010, na sheria inamtaka mnunuzi adai risiti kama inavyomtaka muuzaji aitoe. Kenya risiti hupitia mfumo wa eTIMS wa KRA. Wapo wanaotoa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti. Anayechukua ya pili ameuza haki ya kulalamika, mbali na kuvunja sheria.

Spea ikikataa, fundi asiilazimishe. Ifutwe, irudishwe boksini, na mwenye gari aende mwenyewe akiwa na risiti na spea ya zamani, asimtume mtoto wa gereji. Aeleze kilichotofautiana: tundu liko juu zaidi, soketi ina pini tatu badala ya nne. Maelezo hayo humpa muuzaji la kumwonyesha tajiri wake. Kelele hazimpi kitu. Ikiwa kosa lilikuwa la mteja aliyetaja gari visivyo, alikiri na aongeze tofauti ya bei. Duka likiuza bidhaa bandia na kukataa kusikiliza, Tanzania ipo Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya ipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Huko nako watataka risiti.

Wanaoishi mikoani hununua kwa simu na mzigo hupandishwa basi. Hapo kila kitu kilichotajwa huhitajika maradufu, kwa kuwa kurudisha ni nauli ya mzigo mara mbili. Utaratibu mzuri ni huu: picha ya kibati na ya spea kuukuu hutangulia, muuzaji hujibu kwa picha ya spea aliyoishika, namba ikionekana; bei, nauli ya basi na sharti la kubadilisha huandikwa kwenye ujumbe, ndipo pesa hutumwa kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la duka. Muuzaji naye hutuma picha ya risiti na ya stakabadhi ya basi, yenye namba ya gari na ya wakala wa stendi. Mzigo ukifika, boksi lifunguliwe palepale ofisi ya vifurushi, lipigwe picha kabla ya kuguswa na fundi, na muuzaji apigiwe simu siku hiyohiyo, iwe spea ni sahihi au siyo.